Mashati Yaliyokuja Masafi

Nianze na kola, kwa sababu kola nilijua kuisoma kabla sijajua kusoma gazeti. Shule niliiacha darasa la tatu, na sidhani mwalimu alihuzunika. Lakini nipe shati la mtu nisiyemjua, nikunjue kola, ninuse kwapa, na nitakwambia kama anafanya kazi ya kuketi au ya kusimama, kama mke wake ameenda kwao, kama ameanza kunywa. Nimekuwa dobi mjini Thika zaidi ya miaka thelathini, na hayo yote niliyaona nikanyamaza. Hiyo ndiyo sheria ya dobi. Nimekuta barua mifukoni, nimekuta pete, nimekuta nywele ndefu kwa koti la mzee wa kanisa. Barua na pete nilizirudisha juu ya nguo zilizokunjwa, bila neno. Nywele nilizitoa kwa brashi.

Sheria hiyo niliivunja mara moja. Ndiyo sababu naandika.

Duka halikuwa langu. Lilikuwa la Muhindi mmoja, mzee mkavu mwenye miwani, aliyelirithi kwa baba yake. Tulimwita bosi. Nyuma kulikuwa na mashine ya kusafisha makoti kwa dawa, mbele meza yangu ya pasi, na kwa kaunta kulikuwa na simu nyeusi ya kuzungusha namba. Ile sehemu ya kuzungusha bosi aliitia kufuli kidogo, ili sisi wafanyakazi tusiipige. Kupokea ungeweza, kupiga hapana. Wajukuu wangu nikiwaambia simu ilikuwa na kufuli wanafikiri nimezeeka vibaya. Lakini ndivyo ilivyokuwa miaka hiyo ya tisini. Simu ya mkononi ulikuwa unaisikia tu kwa habari za matajiri.

Rubani alikuja dukani mvua ya masika ikianza. Alileta mashati mawili meupe yenye vikanda vya kufunga kwa mabega. Nikamuuliza kama ni askari jela.

"Mimi ni rubani, mzee wangu," akasema.

Nilifikiri ananitania. Huyu mtu nilikuwa namjua kwa sura. Alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Landless, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na asubuhi tulikuwa tunapanga foleni ya maji pamoja kwa mfereji. Sikuwa nimewahi kuona rubani akibeba mtungi. Mimi nilidhani marubani wanalala hotelini siku zote.

"Rubani wa ndege gani?"

"Jeti. Zile ndogo za matajiri. Za watu nane, tisa."

"Na ya kwako iko wapi?"

Akacheka. "Sina ya kwangu. Mimi ni kibarua."

Hapo nikamwelewa, kwa sababu Thika ni mji wa vibarua. Asubuhi ukipita karibu na viwanda unawaona wamesimama kwa geti, mamia, wakingoja karani atoke aseme leo tunataka ishirini. Mimi mwenyewe nilisimama geti kama hilo kabla ya kupata pasi. Kuna karani mmoja alikuwa anachagua watu kwa kuangalia viatu vyao. Mwenye viatu vizuri anamwacha, ati huyo hana njaa. Nilikuwa naenda miguu mitupu, viatu nimeviacha kwa mama wa chai. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Tofauti ni kwamba rubani wangu hakuwa na geti la kusimama. Alinieleza siku hiyo akiwa amekaa kwa benchi, mvua ikimzuia. Zile jeti pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ni chache, na kila kampuni ina marubani wake wa mshahara. Mtu wa nje anaitwa wakati mmoja wao ameugua, au ameenda likizo, au amegombana na wakubwa. Tajiri anaamka asubuhi anasema nataka kuwa Lusaka leo jioni, na kampuni inagundua mtu wao amelazwa. Ndiyo wanaanza kupiga simu. Anayepatikana kwanza ndiye anaenda.

"Mzee wangu, mimi naishi kwa malaria za watu," alisema.

Kwa hivyo alihitaji simu. Pale Landless hakukuwa na simu isipokuwa ile ya kibanda, ambayo nusu ya mwezi ilikuwa imekufa. Aliomba kama anaweza kuwapa wale watu wa ndege namba ya duka. Mimi nikamwambia hilo ni la bosi. Bosi alimwangalia juu ya miwani, akaangalia mashati, akauliza, "Wewe utapiga simu yangu?"

"Hapana, bosi. Ni wao watapiga."

"Basi ikilia, fundi atashika."

Fundi ndiyo mimi. Ndivyo nilivyogeuka kuwa sekretari wa rubani, mimi niliyekuwa naandika jina langu kwa kutoa ulimi.

Kila siku saa kumi alikuja kuuliza, "Kuna simu?" Nikisema hakuna, anasema sawa, anakaa kidogo kwa benchi, anaenda. Kila Jumatatu alileta mashati mawili. Na sasa nifike kwa jambo lenyewe. Mara ya kwanza yalikuwa na uchafu wa kawaida. Mara ya pili niliyafungua nikatafuta pa kusugua, sikuona. Kola ilikuwa nyeupe, mkunjo wangu mwenyewe ulikuwa bado umesimama kwa mikono. Nikajua hayajavaliwa. Jumatatu iliyofuata, hivyo hivyo. Wiki baada ya wiki mtu huyu ananiletea mashati masafi, mimi nayachukua, naandika alama, nayatia maji tena, stachi, pasi, namrudishia Jumatano. Hakuniambia ni masafi na mimi sikumwambia nimeona. Ningemwambiaje? Mtu akikuletea shati safi ufue, anakuomba umsaidie kushikilia kitu. Niliyafua vizuri kuliko ya watu wengine.

Nilikuja kujua mengine kidogo kidogo. Kwao ni Ruiru, upande wa Gatongora. Baba yake alikuwa amemgawia kipande cha shamba, na yeye akakiuza ili aende ng'ambo kusomea ile jeti. Huko kuna mashine ya kujifanya ndege. Unaingia, unafungiwa, wanakuzimia injini moja, wanakuwashia moto wa uongo, wewe unahangaika na jasho la kweli. Ukishinda unapewa kibali cha kuendesha jeti ya aina hiyo, hiyo moja, si nyingine. Baba yake kusikia shamba limegeuka karatasi, aliacha kuongea naye. Ndiyo maana alikuwa amepanga chumba Landless, na kwao hata si mbali.

Kibali chenyewe hakikuwa cha milele. Kila mwaka lazima upimwe tena. Kama una kazi, ni rahisi: ndege ikirudi tupu kutoka safari, mkubwa wa marubani aliye na ruhusa ya kupima wenzake anakaa kando yako, anakupima, anaweka sahihi. Kama huna kazi, nani atakuwashia jeti ili upimwe? Unarudi kwa ile mashine ya ng'ambo. Na yeye hakuwa na shamba lingine. Kibali chake kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi wa sita. Alihitaji safari moja tu kabla ya hapo. Akiikosa, hayo yote yanakuwa bure, shamba, baba na kusoma.

Hilo alinieleza mapema. Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilichokuwa sijui ni namna kazi yao inavyotafutwa, na hapo ndipo nilimwangusha.

Ngoja nieleze kuhusu fundi. Kwetu, awe fundi wa nguo, wa viatu au wa baiskeli, fundi hasemi hana kazi. Mteja akija na koti, hata kama tangu asubuhi umekuwa ukifukuza nzi, unashika kiuno, unaangalia juu, unasema, "Wacha nione, hapa niko na za watu wengi." Mteja akisikia hivyo anatulia. Anajua amefika kwa mtu anayetafutwa. Ukimwambia, "Lete, nimekaa tu," anarudisha koti kwapani na kwenda kwa mwingine. Sisi dukani tulikuwa na nguo ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua, zingine za miaka miwili, na tulikuwa tunazitundika mbele kabisa ili duka lionekane limejaa. Bosi ndiye alinifundisha. Baba yake alimfundisha yeye.

Basi ilikuwa mwezi wa sita, siku za kwanza kwanza, saa saba mchana. Bosi ameenda kula kwake. Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya haraka, ya mtu aliyezoea kuongea na watu wengi kwa siku.

"Halo, hapo ndipo naweza kumpata kepteni?" Akataja jina la rubani.

"Ndipo, mama. Lakini ametoka."

"Tuko na safari ya leo jioni mpaka kesho kutwa. Unajua kama ana nafasi?"

Nilisimama wima. Nilitia sauti ya duka.

"Huyo, mama, kumpata si rahisi. Anatafutwa na watu wengi sana. Wiki hii sijui. Lakini nikimwambia ni nyinyi, anaweza kuwafikiria."

"Aa. Basi ni sawa. Nitajaribu mwingine."

Akakata. Na mimi, Mungu anisamehe, niliweka simu chini nikiwa na furaha. Nilikuwa nangoja apige tena, kama mteja anayezunguka soko lote halafu anarudi kwako. Nilipiga pasi suruali nne nikiwa nimetega sikio.

Saa kumi akaja. "Kuna simu?"

"Iko," nikasema, na nikamweleza yote, hata ile sauti nilimwigia. "Nimekupandisha bei, kepteni. Sasa watajua wewe si mtu wa kuokotwa."

Alikaa kwa benchi. Alivua saa ya mkono, akaitia ufunguo, akaivaa tena.

"Alisema anapigia kutoka wapi?"

"Hakusema."

"Ndege gani?"

"Sikuuliza."

Akaangalia zile nguo zilizotundikwa mbele, moja moja, kama mtu anayetafuta yake. Halafu akasema polepole, bila hasira, na ingekuwa afadhali angenitukana.

"Mzee wangu, kazi yangu ni kuwa nimekaa. Hicho ndicho nauza. Kwamba wakipiga saa yoyote, mimi nimekaa."

Kesho yake alienda Wilson mwenyewe, akapita ofisi moja baada ya nyingine mpaka akampata aliyepiga. Aliporudi nilimuuliza yule mama alisema nini.

"Alisema ni sawa, kepteni. Alisema wanaelewa nina shughuli nyingi." Akatabasamu kidogo. "Nilimwambia sina. Akasema ni sawa tena. Anafikiri niliwakataa kwa sababu ni kampuni ndogo, na sasa nimesikia wengine hawanitaki, nimerudi."

Safari ilikuwa imekwenda na mtu mwingine.

Nilimweleza mke wangu jioni tukila. Mke wangu alikuwa amenizidi shule kidogo, alifika la sita. Alisikiza mpaka mwisho, akasema, "Sasa wewe ulimdanganya nani? Yule mama au rubani?"

"Nilikuwa namsifu."

"Ulikuwa unasifu duka," akasema, na kuniongezea mboga ya sukuma.

Maneno hayo yalinikaa. Nilimwambia rubani kwamba lazima twende pamoja, mimi niseme kwa kinywa changu. Akakataa. Alisema ataonekana mtu anayetembea na dobi wa kumtetea. Nikangoja siku tatu, nikasema tena. Siku zilikuwa zinaisha, hakuna simu iliyolia isipokuwa ya binti ya bosi. Mwishowe akasema, "Haya. Hakuna kilichobaki cha kuharibika."

Bosi alikuwa anaenda Nairobi kila Alhamisi na pikapu kuchukua dawa ya mashine. Tuliketi mbele watatu. Nitasema ukweli wote kwa vile nimeanza: koti nililovaa siku hiyo halikuwa langu. Lilikuwa moja la yale ya mbele, la kijivu, la mtu aliyelileta na hakurudi. Bosi aliliona. Aliliangalia tulipofika stendi, akaliangalia tena tulipopita Juja. Tulipofika Ruiru, rubani aligeuza uso akaangalia upande usio wa kwao, mpaka tukapita.

Ofisi ya yule mama ilikuwa chumba kidogo karibu na mahali ndege zinaegeshwa. Kwa ukuta alikuwa na ubao, upande mmoja majina ya marubani, upande mwingine tarehe. Alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu imechomekwa kwa nywele. Alimsalimia rubani kwa heshima ya baridi, akaniangalia mimi.

"Na huyu mzee?"

"Mimi ndiye nilishika simu, mama," nikasema. "Mimi ni dobi wake."

Hapo alicheka, na sikumlaumu. "Kepteni, dobi ndiye sekretari?"

Rubani akasema, "Simu ni ya kwao."

Nikaeleza. Nilieleza mambo ya fundi, na koti, na kushika kiuno, na nguo tunazotundika mbele. Nilisema kepteni alikuwa nyumbani siku hiyo, alikuwa nyumbani siku zote, ni mimi nilimfanya mtu wa shughuli nyingi bila yeye kujua. Alinisikiza vizuri. Alikuwa ameacha kucheka. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Baba, siku ile uliniambia uongo ili umsaidie. Leo nitajuaje huu si uongo mwingine wa kumsaidia? Nikimwandika hapa, na siku nikimwita asipatikane, ni mimi nitaulizwa."

Kuapa kungesaidia nini? Mwongo pia anaapa. Na kweli kitu kilikuwako kimoja tu nilichokuwa nakijua kwa hakika juu ya mtu huyo, kwa mikono yangu, na sikupaswa kukisema. Niliangalia shati alilovaa. Nilikuwa nimelipiga pasi Jumatano.

"Mama," nikasema, "ananiletea mashati mawili ya kazi kila Jumatatu. Yanakuja masafi."

"Masafi vipi?"

"Hayajavaliwa. Kola haina alama, kwapani hakuna jasho, mkunjo wangu bado uko. Tangu mara ile ya kwanza mvua ikianza, sijaona tena jasho lake kwa shati la kazi. Mimi nayafua tu, nampa. Hatujawahi kuongea."

Nje kulikuwa na ndege ndogo inajaribu injini, ikaongeza, ikapunguza. Yule mama aliangalia meza yake. Rubani hakunigeukia. Alikuwa anaangalia dirishani, na shingo yake, juu ya kola yangu, ilikuwa imebadilika rangi. Nimeona watu wakivuliwa nguo na umati pale Thika, wezi wa soko. Nilijua nilichofanya.

Yule mama alitoa kalamu kwa nywele. Aliinuka, akaandika jina la rubani kwa ubao, mstari wa juu, na neno moja mbele yake: yuko.

"Asante, baba," akaniambia. Kwa rubani akasema, "Kepteni, siahidi kitu."

"Naelewa," akasema.

Tukaanza kurudi. Mapipa ya dawa yalikuwa yanagongana huko nyuma. Tulipofika Ruiru, rubani alimwomba bosi asimamishe gari.

"Unashuka hapa?" bosi akauliza.

"Ndiyo, bosi. Asante."

Alishuka, akafunga mlango bila kuupiga, akaenda upande wa Gatongora akitembea, mwanaume mrefu kwa shati jeupe. Sijui kama alifika kwa baba yake. Labda alienda huko kweli. Labda hakuweza tu kukaa kando yangu mpaka Thika. Bosi alitia gia. Baadaye kidogo akasema, "Koti utarudisha leo."

Wiki iliyofuata hakuja dukani hata siku moja. Jumatatu mbili zilipita bila mashati. Nilimwona asubuhi kwa mfereji, akanisalimia vizuri, akabeba maji yake. Mwezi ulikuwa umebaki siku nne.

Jumanne asubuhi simu ikalia nikiwa na pasi mkononi. Bosi alikuwa nyuma, na kelele za mashine hazimruhusu kusikia. Nikashika.

"Baba dobi?" Ilikuwa sauti ya yule mama wa Wilson. "Yuko?"

Ile tabia ya miaka yote ilinipanda mpaka kooni, nasema kweli. Nikaimeza.

"Yuko, mama. Hana kazi. Amekaa tu."

"Aje hapa kabla ya saa sita. Aje na pasipoti na kadi ya chanjo. Na umwambie kepteni mkubwa yuko ndani ya safari hii, kurudi wanarudi tupu. Atajua maana yake."

Nilitoka mbio. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu na mguu mmoja ulikuwa tayari unanisumbua, lakini nilikimbia kutoka dukani mpaka Landless, na watu wakasimama kuangalia wakidhani kuna msiba. Nilimpata uani kwake anapaka kiatu rangi, na mkoba wake ukiwa mlangoni umefungwa. Ulikuwa umefungwa hivyo tangu mwezi wa nne.

"Wamepiga," nikasema, na pumzi hakuna. Nikampa maneno yote, pasipoti, chanjo, kepteni mkubwa, kurudi tupu.

Alisimama na brashi mkononi. "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia hauna kazi."

Aliitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akatoka amevaa lile shati moja lililobaki na pasi yangu. Vipande vyeusi vyenye mistari ya cheo, vya kufunga kwa vile vikanda vya mabegani, alikuwa anavifunga akitembea. Bosi mwenyewe ndiye alimpeleka kwa pikapu mpaka Wilson, siku ambayo haikuwa Alhamisi, na duka akaniachia. Pasi nilikuwa nimeiacha juu ya suruali ya mwalimu mmoja. Ndiyo nguo pekee niliyowahi kuunguza maishani.

Alirudi Jumamosi. Aliingia dukani akaweka shati kwa kaunta, likiwa limekunjwa ndani nje. Nililifungua palepale, na sikuweza kujizuia. Kola ilikuwa na mstari wa kahawia kuzunguka. Kwapani jasho lilikuwa limekauka na kuacha chumvi. Mkono wa kulia ulikuwa na tone la kahawa. Nilisimama nalo.

"Ameweka sahihi?" nikauliza.

"Ameweka."

"Mungu ni mkubwa."

"Ndiyo," akasema. "Asante, mzee."

Unaona hapo. Tangu siku ya kwanza alikuwa ananiita mzee wangu. Nilifikiri amesahau kwa uchovu. Jumatano alipokuja kulichukua alisema tena, habari mzee, asante mzee. Sikuulizia. Hata mimi ningekuwa ni yeye sijui ningemwitaje mtu kama mimi.

Baada ya hapo yule mama alipiga mara nyingi. Jina lilikuwa kwa ubao, na rubani alikuwa akipatikana, basi na kampuni zingine zikasikia. Nilishika simu, nilisema ukweli kila mara, yuko, au ametoka atarudi saa fulani. Alienda safari, akarudi. Mwaka haukuisha kabla hajapata nyumba Nairobi, karibu na Wilson, yenye simu yake.

Lakini katika miezi ile yote aliyobaki Thika akifanya kazi, akitoka jasho kama watu wengine, sikuletewa shati lake tena. Lile la kahawa lilikuwa la mwisho. Hakunihama. Alikuwa mtu wa adabu na hakutaka nionekane nimeachwa. Aliniletea blanketi, aliniletea koti la mvua, mara moja aliniletea pazia. Mashati alikuwa anafua mwenyewe. Niliyaona asubuhi nikienda kuteka maji, yamewekwa kwa kamba uani kwake, mawili, yanadondoka, na kola hazijasuguliwa vizuri.